Basi la Wenye Kiu

Juzi mwanangu alirudi kutoka shuleni na taulo bichi alilolisahau ndani ya mkoba tangu siku ya kuogelea. Nilifungua zipu, harufu ikanipiga, ile harufu ya kitambaa kilicholoa kikafungiwa, na kufumba na kufumbua nilikuwa nimechutama sakafuni jikoni, mikono juu ya kichwa. Mtoto alisimama akinitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili. Wenzangu mliokulia kwenye makambi ya polisi mnanielewa. Sisi tulioamshwa na tarumbeta na kunyamazishwa kwa jicho, kila mmoja wetu ana harufu yake. Kwa wengine ni mkanda wa ngozi, kwa wengine ni rangi ya viatu. Kwangu mimi ni taulo.

Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, na tuliishi Nsambya, kambi ya Kampala, katika zile nyumba za mstari mmoja ambamo jirani akipiga chafya unamtakia afya ukiwa kitandani kwako. Kazi aliyoipenda hasa ilikuwa kufundisha ngumi. Aliujua mwili wa binadamu kama mchinjaji anavyomjua mbuzi: wapi ukimpiga mtu atalia, wapi atanyamaza, wapi hapabaki alama. Nyumbani hakutumia ngumi. Ngumi, alisema, ni za kazi. Alitumia taulo. Alilichovya kwenye beseni, akalikamua, akalikunja mara mbili, na lilipotua mgongoni ulisikia maji yakiruka kabla hujayasikia maumivu. Mama alivumilia weee, kisha asubuhi moja akatoka kwenda dukani kununua chumvi, na mpaka leo chumvi hiyo haijapatikana. Tukabaki mimi na dada yangu Aber, na taulo likawa letu sisi wawili.

Kuna jambo moja nataka niliseme kuhusu akili ya mtoto, maana ndilo lililonifanya niyaone yote kinyume. Nyumbani kwetu kila aliyepigwa aliulizwa baadaye, "Unajua makosa yako?" na hakuna aliyeruhusiwa kwenda kulala kabla ya kuyataja. Ukikosa la kutaja, unatunga. Nikaamini kabisa kwamba kipigo kinamtafuta mwenye kosa, hata kama kosa lenyewe halijajulikana bado. Kwa hiyo Aber alipoanza ngumi, nikawa namwona kila jioni akitwangwa usoni na wavulana wakubwa huku Baba akishangilia, sikuuona mchezo. Niliona kwamba dada yangu ana makosa mengi kuliko nilivyodhani, na niliogopa kumwuliza ni yapi.

Timu haikuwa ya kambi. Ilikuwa ya Baba mwenyewe, vijana aliowaokota mitaani Bwaise, na mazoezi yalifanyika huko huko, kwenye ghala la Mama Furaha. Huyu alikuwa mama wa Kikongo, mkimbizi kutoka Bukavu, mnene, mcheshi, aliyeuza maharage kwa gunia na kwa kilo. Mvua ikinyesha mtaro ulifurika, maji machafu yakaingia ghalani mpaka kwenye vifundo vya miguu, na vijana walirushiana ngumi humo humo wakitapakaa matope. Katikati ya ghala, kwenye boriti, ilining'inia mizani yake ya kupimia magunia, yenye uso wa mviringo kama saa na kulabu chini. Baba aliifungia kipande cha ubao kama bembea. Kila Jumamosi mabondia walikaa juu yake mmoja mmoja, miguu hewani, wakizungukazunguka huku Baba akiusoma mshale. Hawakuijua mizani nyingine. Hata mapambano madogo ya mtaani, ya kwetu na ya timu za jirani, yalipimiwa pale, na wote waliridhika. Mama Furaha peke yake ndiye aliyejitia shughuli siku za kupima. Mara anafagia, mara anamwita mteja ambaye hayupo.

Kisha ukaja mwaliko wa mashindano Nairobi. Mkubwa mmoja wa michezo alimwambia Aber mbele yetu kwamba msichana atakayerudi na ushindi ataandikishwa kwenye timu ya askari: sare, chakula, na chumba chake mwenyewe upande wa Nakawa. Aber alikuwa na miaka kumi na saba. Jioni hiyo alinivuta nyuma ya bafu la kambi, akaninong'oneza.

"Kadogo, sikia. Mimi nikashinda, mimi napewa chumba. Wewe unakuja na mimi."

"Na Baba?"

"Baba anabaki na taulo yake."

Sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyokitaka chumba kile. Nilikipanga kichwani kila siku: kitanda hapa, ndoo pale, mlango wenye komeo kwa ndani. Sikujua ngumi zinahusiana vipi na komeo, lakini nilijua kwamba bila Aber kushinda hatutoki.

Basi lilikodiwa kwa bei ya kutupa. Siku za kazi lilibeba wanafunzi, wikendi lilibeba waombolezaji, na viti vyake vilikuwa vimetengenezwa kwa makalio ya watoto. Ili nauli ishuke, nafasi zilizobaki walipewa wafanyabiashara wa Bwaise waliokuwa wakienda Nairobi kuchukua bidhaa, na Mama Furaha akawa mmoja wao. Mimi nilichukuliwa kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Wafanyabiashara walikaa mbele na vikapu vyao vya chakula. Mabondia walikaa nyuma na makopo yao ya kutemea mate.

Hayo makopo yanahitaji maelezo. Bondia akizidi uzito alioandikishiwa, hapigani. Mizani ya ghalani ilikuwa imesema timu nzima imezidi, wengine kidogo, Aber kupita wote. Basi tangu juzi yake hawakula wala kunywa. Walivalishwa kaveera, yale mafuko makubwa ya plastiki, chini ya fulana nzito ili jasho liwatoke. Walitafuna bigijii, ile chingamu ya watoto, na kutema, kutafuna na kutema, ili hata mate yasibaki mwilini. Nani angemweleza mtoto mambo hayo? Mimi niliona watu wamevikwa plastiki, wamenyimwa maji, wamekatazwa hata kumeza mate yao, wanapelekwa nchi ya ugenini. Nikajua hili ni basi la wenye makosa, na huko tuendako ndiko watakakohukumiwa. Nilimtazama Aber, midomo imempasuka, macho yamezama, nikajiuliza amefanya nini.

Kwenye msitu wa Mabira basi lilisimama, na wauza kuku wakavamia madirisha, wameinua vijiti vya nyama na gonja, zile ndizi za kuchoma, zikitoa moshi. Wafanyabiashara wakanunua kwa fujo. Harufu ya mafuta ikatembea kutoka kiti hadi kiti mpaka nyuma, na nilimwona kijana mmoja, Kato, akifumba macho kama anayeombewa.

"Funga dirisha!" Baba alinguruma. "Hapana kunusa!"

"Sajini, hewa pia unazuia?" mfanyabiashara mmoja aliuliza, mdomo umejaa.

Mama Furaha alikuwa amenunua paja zima. Alinyanyuka, akapenya katikati ya mizigo, akaja mpaka kwenye kiti chetu, akamnyooshea Aber ile nyama.

"Kula, mutoto."

Baba aliuzuia mkono wake. "Huyu iko na uzito. Hapana kula."

"Sajini, muache akule. Hatazidi. Miye nakuambia, hatazidi." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na basi lilikuwa na baridi.

"Mama, wewe unajua maharage. Mimi najua ngumi."

Watu walicheka. Mama Furaha alibaki amesimama, anafungua mdomo na kuufunga. Aliwatazama wateja wake walioketi mbele, wanawake walionunua maharage kwake tangu alipofika Bwaise. Akarudi kitini na ile nyama mkononi, na sikumwona akiila. Nilimchukia. Nilidhani anamjaribu dada yangu makusudi, ili makosa yake yaongezeke.

Tulipopita Jinja, Baba akawaamuru wasimame wakimbie papo hapo, mmoja nyuma ya mwingine, kwenye kile kijia cha katikati. Basi linayumba, nao wanaruka juu chini, kaveera zikilialia mwilini mwao. Wafanyabiashara walilalamika kwamba hawalali, Baba akawaambia walale nyumbani kwao. Aliyepunguza mwendo alipigwa kofi la kisogoni. Aber alikimbia mpaka miguu ikawa haiitiki tena, akaanguka juu ya gunia la mtu, na Baba akamwinua kwa kola akamrudisha kwenye mstari. "Chumba," alimwambia kwa sauti ya chini. "Wewe unataka chumba? Kimbia." Ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa ameyasikia maneno yetu ya nyuma ya bafu.

Madirisha yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa pumzi zetu. Kato alidhani hakuna anayemtazama. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akatoa ulimi, akaramba, mstari mrefu kutoka juu mpaka chini. Baba alimfikia kwa hatua mbili.

"Wewe unafanya nini?"

"Afande, hii si maji. Hii ni jasho ya dilisha."

Kofi lile lilimgonga Kato kwenye chuma cha kiti cha mbele, mdomo ukapasuka. Damu ikatoka, na yule kijana, Mungu anisamehe kwa kukumbuka, aliimeza. Koo lake lilipanda na kushuka. Baba aliliona, akampiga tena, safari hii kwa sababu ya kumeza. Nilikuwa nimejikunja chini ya kiti cha Aber, mikono imeziba masikio, na bado nilisikia. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba Kato hakuuliza kwa nini. Hakuna aliyeuliza. Wote walionekana kuyajua makosa yao.

Mpakani Busia tulishuka tukavuka kwa miguu. Aber aliniegemea begani, mzito na mkavu, ngozi yake ikichoma kama ya mtu mwenye homa. Maneno yalimtoka vipande vipande. Aliniambia nisilie kwa sababu hata yeye machozi yamekwisha, akajaribu kucheka, na mdomo ukapasuka upya.

Nairobi tulifika kumekucha na tukaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa kupimwa. Mizani yao ilikuwa ya kukanyaga, na mpimaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani na kalamu sikioni. Kato akapanda. Mama yule akaangalia, akamwangalia Kato, akaangalia tena. Akamwita wa pili. Wa tatu. Alipofika Aber alivua miwani kabisa.

"Mwalimu, hawa watoto mmewafanya nini? Huyu msichana yuko chini sana. Hata angekula kuku mzima jana bado angepita."

"Mizani yako imeharibika," Baba alisema.

"Panda wewe basi."

Baba akavua viatu, akapanda. Ghalani alikuwa akijipima kila Jumamosi na alijivunia uzito wake. Alisimama juu ya kile chuma akiitazama namba iliyokuwa pungufu sana ya ile aliyoizoea. Wote tulielewa kwa pamoja, hata mimi. Mizani ya Mama Furaha ilikuwa inazidisha. Aliikaza ili kilo tisa za maharage zisome kumi, au karibu hivyo, na sisi tumekaa juu yake miezi yote hiyo kama magunia.

Mama Furaha alikuwa nje, ameketi juu ya mfuko wake akisubiri wenzake waende sokoni. Alipomwona Baba akija hakukimbia. Alisema, "Sajini, nilitaka kusema. Mu basi nilitaka kusema." Kofi la Baba lilimwangusha ubavu ubavu, kitenge kikafunguka. Kisha vijana wakamiminika. Hawakuwa na nguvu za kutembea, lakini za kupiga walizipata. Kato alikuwa wa kwanza, mdomo wake bado una gamba la damu. Alimvuta mama yule kwa nywele, mwingine akampiga teke la mgongoni, mwingine la tumboni, na mtu fulani akapaza sauti, "Mwizi!" Neno hilo tunalijua Kampala. Likishatamkwa, watu hawaulizi tena. Wapita njia wakaanza kusogea, na mmoja alikuwa tayari ameinama kuokota jiwe.

Aber akatoka ukumbini na nguo za kupimiwa, miguu mitupu. Alimpiga Kato ngumi moja chini ya sikio, akampiga wa pili, akasimama juu ya Mama Furaha miguu huku na huku, mikono juu, anapumua kwa kelele.

"Yeye alisema nikule!" alipiga kelele. "Nyinyi wote mulisikia! Mu basi, mbele ya watu! Nani alikataa? Semeni! Nani alikataa?"

Vichwa viligeuka, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikawa vinamtazama Baba. Mtu wa jiwe aliliachia likaanguka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na kitu fulani kilinichanganya akili: Mama Furaha alikuwa na kosa la kweli, la wazi, na Aber alikuwa amekataa apigwe.

Nguvu alizozitumia pale hazikurudi. Walimpa maji, akayatapika. Wakampa chai yenye sukari, ikakaa kidogo, ikatoka. Alasiri alipanda ulingoni akijishikilia kwenye kamba, na msichana wa Kenya aliyesimama mbele yake alikuwa mrefu, ameshiba, ngozi inang'aa.

Raundi ya kwanza ilikuwa mauaji. Sina neno jingine. Yule msichana hakuwa mkatili, alikuwa anafanya kazi yake, na kazi yake ilikuwa kuuvunja uso wa dada yangu. Pua ikaenda. Jicho la kushoto likavimba mpaka likafunga. Kila ngumi ilipotua, jasho na damu viliruka kwenye taa, na watu walionizunguka walicheka na kula karanga. Raundi ya pili Aber aliangushwa, akabaki amepiga magoti kama anayetafuta kitu sakafuni, kinga ya meno imemning'inia mdomoni. Akainuka. Nilikuwa nashika chuma cha kiti kwa mikono yote miwili, naomba, na niliomba vibaya: niliomba Mungu amwambie ataje makosa yake ili waache.

Lakini raundi ya tatu mambo yaligeuka, na hili nalisema kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Yule mrefu alichoka. Ngumi zake zikaanza kupita juu. Aber, jicho moja, akawa anazipisha, anaingia chini, anapiga mbavu, anatoka. Anaingia, anapiga mbavu, anatoka. Msichana wa Kenya akarudi nyuma mpaka kwenye kamba. Vijana wetu walisimama juu ya viti, hata Kato. Nilikiona chumba. Nililiona komeo.

Ndipo Baba, pale kwenye kona, akaliinua taulo. Lilikuwa limeloa, alikuwa amemfutia nalo damu. Alilitupa, likaruka juu ya kamba, likatua miguuni mwa Aber kwa sauti ile niliyoijua, na mimi nikapiga yowe. Nilidhani amempiga. Nilidhani hata huku, mbele ya nchi ya watu, ameshindwa kujizuia. Mwamuzi akapunga mikono, kengele ikalia, na mkono ulioinuliwa ulikuwa wa yule mwingine. Ilinichukua muda mrefu kuelewa, na aliyenieleza ni Kato: taulo likitupwa, pambano limeisha. Mwenye kona amesema basi.

Kurudi tulirudi na basi lile lile, limejaa mabunda mpaka kwenye kijia. Vijana walikula mpaka wakaumwa matumbo. Mama Furaha aliketi peke yake, uso umevimba, na hakuna aliyemsogelea isipokuwa Aber, aliyekaa kiti kinachofuata nami nikiwa mapajani mwake. Baba alikuwa ng'ambo ya kijia. Tulivuka mpaka, tukaiacha Jinja nyuma, kukaanza kupambazuka. Aber akauliza bila kugeuza kichwa.

"Kwa nini ulitupa?"

"Wewe ulikuwa unakufa."

"Mimi nilikuwa nashinda."

"Mimi niliona macho yako. Nimeona watu nakufa katika ring. Wewe ulikuwa unakufa."

"Uliogopa mimi nitatoka kwako."

Baba aligeukia dirishani. Nimelitafuna jibu lile ambalo hakulitoa miaka yote hii. Aber mpaka leo anaapa alikuwa amebakiza ngumi mbili. Mimi nilimwona akishinda, lakini nilikuwa mtoto na nilikuwa nataka komeo. Labda alimwokoa. Labda ndiyo mara pekee mtu yule alipolishika taulo kwa huruma, na huruma yenyewe ikatugharimu mlango wa kutokea. Siku nyingine namwamini, siku nyingine namlaani, na amekufa bila kunisaidia kuchagua.

Tulipofika Nakawa foleni ilikuwa imeanza kujikusanya na basi likapunguza mwendo. Aber alinishusha mapajani, akasimama, akachukua begi letu.

"Tunashuka."

"Kaa chini," Baba alisema.

"Tunashuka, Baba."

Baba akainuka, akauziba ule upenyo kati ya mabunda. Alikuwa mkubwa. Sare yake ilikuwa imekunjamana na alinuka dawa ya kuchua. "Mimi nasema kaa chini. Unajua makosa yako?"

Aber aliniweka nyuma yake. Akaliachia begi. Mkono wa kulia ulitoka kiunoni, ukapita chini ya mkono wa Baba uliokuwa unainuka, ukatua kwenye taya. Mkono mtupu, bila glavu, bila bandeji. Nilisikia mfupa, na sikujua ni wa nani. Baba alikaa. Hakuanguka, alikaa tu, taratibu, juu ya bunda la mitumba la mtu, na damu ikatoka pembeni mwa mdomo wake. Nilisubiri ainuke atuue. Aliugusa mdomo, akakitazama kidole, akamtazama Aber kwa muda mrefu, jicho lake zima na lile lililofunga.

Kisha akageuza kichwa upande wa mbele. "Dereva," alisema, "simama. Wanashuka."

Tulimpita pale alipoketi. Sikumgusa. Tulipofika chini nilisikia mtu akihema nyuma yetu, na alikuwa Mama Furaha, anateremka na mfuko wake bila kuulizwa na mtu. "Mukuje kwangu," alisema. "Ile muzani ni ya miye. Na ile makosa ni ya miye." Tuliishi katika chumba cha nyuma ya ghala lake miaka mingi, na mvua ikinyesha tulipandisha godoro juu ya meza. Mizani mpya aliinunua wiki hiyo hiyo. Wateja nusu walimkimbia, na hakuwahi kulalamika mbele yetu.

Lakini asubuhi ile, kabla ya kufika kwake, Aber alisimama kando ya barabara akaanza kulia. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba kama andazi na vidole havikunjiki. Tukaingia kliniki ndogo iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Mhudumu wake, mzee aliyekuwa bado anavaa koti jeupe, aliubonyeza mkono, akasema mifupa miwili imevunjika, na kwamba hata ukipona hautapiga tena kitu. Aliitazama pua, akalitazama jicho, akaiona midomo iliyopasuka.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Nimeanguka," Aber alisema. "Mu basi."

Mzee alikuwa amelisikia hilo kwa wanawake wengi, ilionekana. Alishusha pumzi, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mtoto, usiogope. Sema ukweli. Dada yako ameanguka?"

"Hapana," nikamwambia. "Yeye ameshinda."